Kofia imegoma kutoka: kasoro za kufinyanga vifaa vya visanamu vya LEGO na vyanzo vyake

Kasoro za kazi hii huonekana siku ya mwisho, ilhali zilizaliwa siku ya kwanza. Rangi inabanduka Jumapili, unailaumu rangi, kumbe kosa lilifanyika Ijumaa ulipopaka mafuta ya mgando na usiyaoshe. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile jicho linachokiona, halafu kutoka hapo tunarudi nyuma kumtafuta mwizi.

Ninayemzungumzia ni kisanamu wa LEGO, yule mtu wa plastiki mwenye urefu wa sentimita 4 hivi, ambaye kwa umbo lake la sasa la mikono na miguu inayocheza alianza kutoka mwaka 1978. Kiwandani anapewa kofia za chuma za mashujaa wa Ulaya, helmeti za wanaanga, kofia za maharamia. Kofia ya viua, kanzu au kanga iliyofungwa kifuani sijawahi kuzikuta ndani ya boksi, na ndiyo sababu nimejikuta nafinyanga.

Kuna namba tatu za kuandika ukutani kabla ya yote. Kitufe kilicho juu ya kichwa, kile kinachoshika nywele na kofia, kina kipenyo cha milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.7 hivi. Kiganja kimeundwa kushika kijiti chenye kipenyo cha milimita 3.2. Rula ya shule haitakusaidia hapa. Tafuta kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, hata ile ya plastiki ya bei rahisi.

Halafu jiulize: nimetumia nini? Maana kila udongo una maradhi yake. Kuna puti ya epoksi, ambayo ni vipande viwili unavyovichanganya vikagandana vyenyewe bila moto. Milliput, inayotengenezwa Wales, ni ya jamii hii, na Green Stuff pia, ule mkanda wa bluu na njano ambao ukiukanda unakuwa kijani. Ile puti ya kuzibia mabomba na matangi ya maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nayo ni epoksi. Kisha kuna udongo wa polima, kama Sculpey na Fimo, ambao haugandi mpaka uuoke. Puti ya kunyooshea bodi za magari iache huko huko gereji: ndani yake mna stairini, na stairini inaila plastiki ya kisanamu.

Siku ya kwanza niliponunua puti ya mabomba, muuzaji aliniuliza, "Kaka, tangi lako linavuja wapi?" Nikamwambia si tangi, ni kofia ya mtu wa sentimita nne. Alinirudishia chenji bila neno.

Puti imelala usiku kucha na bado inanata

Mtuhumiwa wa kwanza ni uwiano. Aina nyingi zinataka nusu kwa nusu, na jicho linadanganya kwa vipande vidogo. Ukikata kipande cha ukubwa wa punje ya mbaazi na mwenzake akawa mkubwa kwa theluthi moja, hutaiona tofauti, lakini puti itaiona. Viringisha kila sehemu iwe kamba ya unene sawa, zilaze sambamba, kisha kata zote mbili kwa wembe mmoja kwa urefu mmoja. Kwa Green Stuff kuna uhuru kidogo: njano ikizidi, kazi inakuwa laini na yenye kunata, na bluu ikizidi inakuwa ngumu zaidi. Wazoefu huzidisha makusudi. Wewe usianzie hapo.

Mtuhumiwa wa pili ni kukanda kivivu. Ukiona mistari ya rangi mbili, hata myembamba kama unywele, bado. Mimi hukanda dakika tano kamili nikitazama saa, na glavu mkononi, kwa sababu resini mbichi ya epoksi inaweza kukuachia mzio wa ngozi ambao haukuagi tena.

Wa tatu ni baridi. Kugandana kwa epoksi ni kemia, na kemia hiyo hupungua kasi takriban nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Mtu wa Tanga mwezi wa pili na mtu wa Njombe mwezi wa saba hawafanyi kazi moja, hata kama wamenunua pakiti moja. Kama uko kwenye baridi, weka kazi chini ya taa ya meza, umbali ambao mkono wako unaustahimili bila kusumbuka.

Wa nne ni umri. Puti ya zamani huota gamba. Lile gamba linakatwa na kutupwa, na kama ndani nako kumekauka na kuvunjika kama keki ya jana, tupa yote.

Sasa, jinsi ya kujua puti imekauka bila kuidodosa kofia yenyewe. Kila ninapochanganya, nabakiza kidonge kidogo cha mchanganyiko ule ule na kukiweka kando. Hicho ndicho shahidi. Ukitaka kujua hali ya kofia, muulize shahidi: mchome kwa ukucha. Akiwa laini, subiri. Nimeharibu kazi nyingi kwa kuzigusagusa kabla ya kujifunza jambo hili, na nyingi zilikuwa zinaendelea vizuri tu.

Na kama shahidi mwenyewe ananata baada ya siku mbili? Hakuna dawa. Usijaribu kuipaka puti mpya juu ukitumaini itaishika ile ya chini. Kwangua yote, osha kwa sabuni, anza upya.

Ndani yake kuna punje ngumu

Unalainisha uso wa kofia, chombo kinakwaruza kitu kama mchanga. Kama ni Green Stuff ya mkanda, chanzo ni ule mstari wa katikati ambako bluu na njano zimekuwa zikigusana tangu kiwandani. Pale zimeshaganda zamani. Kata milimita moja au mbili katikati ya mkanda, utupe, ndipo uchanganye. Ni hasara ndogo. Mkanda ukiuhifadhi kwenye friza, mstari huo unachelewa kukua.

Kama ni puti ya mabomba, punje ni za kwake kwa asili, maana nyingi zimetiwa unga wa chuma au wa mawe ili zishike bomba. Haiponi. Itumie kwa kiini cha ndani, kwa kitu kinene kama mzigo wa kuni au ndoo, kisha ivishe juu ngozi ya puti laini.

Imeganda kabla sijamaliza

Hapa watu hulaumu jua, na mara nyingine ni kweli, lakini kwanza soma pakiti. Puti za mabomba za haraka hukupa dakika tano tu, maana fundi bomba hataki kusimama ameshika bomba mpaka adhuhuri. Milliput ya kawaida inakupa karibu saa nzima na hukauka kwa saa tatu au nne. Green Stuff inafinyangika kwa saa moja na nusu hivi, na ugumu wake kamili huupata kesho yake.

Kama umechagua ile ya polepole na bado inakimbia, umechanganya donge kubwa. Epoksi hutoa joto inapogandana, na donge kubwa hujipasha lenyewe. Kwa kofia moja unahitaji kiasi cha punje ya njegere, basi. Changanya kidogo, mara nyingi.

Kofia imegoma kutoka kichwani

Hii ndiyo dalili inayoleta machozi, na inastahili maelezo marefu.

Njia ya kawaida ni kufinyangia kofia juu ya kichwa chenyewe, ili kitufe kiache shimo lake ndani ya puti na kofia ijipatie mahali pa kukalia. Kabla ya puti unapaka mafuta ya mgando, utando mwembamba kabisa. Ukisahau mafuta, puti ya epoksi inashika plastiki kwa nguvu, na hapo huna kofia, una kichwa chenye uvimbe.

Lakini wengi wanaolalamika walipaka mafuta. Kosa lao liko kwenye kitufe. Vichwa vya sasa vina kitufe chenye tundu katikati, lililowekwa ili hewa ipite kama mtoto atakimeza kichwa. Puti inasukumwa ndani ya tundu lile, inaganda, inakuwa kama msumari. Ziba tundu kabla ya kuanza, kwa nta ya mshumaa au kipande cha plastisini, usawazishe juu, ndipo upake mafuta. Vichwa vya kale vyenye kitufe kilichozibwa havina tabu hii. Ukivipata kwenye mitumba, kimoja kiteue kiwe kichwa cha karakana na usikitoe tena kazini.

Chanzo kingine ni kufunga chini. Kichwa ni mcheduara ulioviringwa kingo za juu na za chini. Puti ikishuka mpaka chini ya shavu na kujikunja kuelekea shingoni, imekikumbatia kichwa, na kikishakumbatiwa na kitu kigumu hakitoki. Ukitaka mtandio unaozunguka kidevu, lazima uwe na mshono: finyanga nusu mbili, mbele na nyuma, zigandishe, kisha zigundishe. Au tumia Green Stuff, ambayo hata ikikauka ina unyumbufu kidogo na inaweza kuteleza juu ya kingo isiyo kali.

Chanzo cha tatu ni muda. Usingoje ugumu kamili ndipo uvue. Muulize shahidi: akiwa kama kifutio cha penseli, yaani ukucha unaacha alama lakini vidole havimbonyezi, zungusha kofia polepole kama unafungua kizibo cha chupa, ivue, ipake tena mafuta ndani kidogo, irudishe. Fanya hivyo mara mbili kabla haijawa jiwe.

Imeshakuwa jiwe na haitoki? Chukua maji ya moto, yale ya kumwagia kwenye chai baada ya kutulia, si yanayotokota. Tumbukiza kichwa dakika mbili. Epoksi iliyokauka hulainika kwa joto hilo kabla ya plastiki ya kisanamu, inayolainika karibu na nyuzi 105. Zungusha, usivute. Ikikataa mara tatu, chagua kimoja kati ya kofia na kichwa, na ukate kingine. Asetoni usiiguse hata kwa majaribu: inaiyeyusha plastiki hii iwe kama uji.

Inatoka, ila haikai vizuri

Inalegea: ulipaka mafuta kama unampaka mtoto baada ya kuoga. Unene wa yale mafuta ndio nafasi unayoiona sasa. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuifanya kofia idondoke kisanamu akiinama. Osha ndani kwa sabuni ya vyombo na mswaki, kausha, kisha weka tone la gundi nyeupe ya mbao ndani ya shimo la kitufe, lisambaze kwa kijiti cha meno, liache likauke kabisa kabla ya kujaribu. Bado inalegea? Tone la pili. Gundi nyeupe inaweza kukwanguliwa ukizidisha, na hiyo ndiyo sababu siitumii supagluu hapa.

Inabana: usilazimishe. Plastiki inayolazimishwa hupauka kwanza mahali inapobanwa, alama nyeupe kama kovu, na kovu lile ndiko ufa utakakopita. Viringisha kipande cha msasa namba 400 juu ya kijiti, zungusha ndani ya shimo mara chache, jaribu, rudia.

Kwa njia, neno msasa lenyewe ni jina la mti, wa jamii moja na mkuyu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Wachongaji walilainishia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi ya duka kufika. Nimewahi kujaribu jani bichi kwenye puti. Linafanya kazi, ingawa linaacha rangi ya kijani.

Kofia ya viua inafanana na sufuria

Hapa hakuna kilichovunjika wala kulegea, ila ukimtazama kisanamu unacheka. Chanzo ni hesabu. Kofia ya viua ina ukuta uliosimama na kipaa bapa juu. Kitufe kina kimo cha milimita 1.7, na juu yake unahitaji angalau milimita moja ya puti ili kipaa kisitoboke. Tayari kofia imepanda karibu milimita 3 juu ya utosi, kwa mtu ambaye kichwa chake chote hakifikii sentimita moja na nusu. Huwezi kuipunguza, maana kitufe hakiondoki.

Unachoweza ni kulidanganya jicho. Shusha ukingo wa chini mpaka karibu na nyusi zilizochorwa, halafu kwa nyuma ushushe zaidi kidogo, kama mzee aliyetoka kusali na kofia imelala nyuma. Ukuta uukandamize uwe mwembamba, milimita moja hivi, kwa sababu ukuta mnene ndio unaoleta usufuria kuliko hata kimo. Na kipaa usikiache bapa kabisa: kizamishe katikati kwa kiasi cha unywele mmoja tu, kama kofia halisi inavyozama ikishavaliwa miaka miwili.

Sasa viua vyenyewe, yaani vile vitundu. Ukivitoboa puti ikiwa mbichi, sindano inaburuta, kila tundu linaota mdomo, na tundu la jirani linafungwa. Ukivitoboa ikiwa ngumu, unachimba kisima. Wakati wake ni ule ule wa kifutio cha penseli. Lowesha ncha ya sindano kwa maji kila baada ya matundu matatu, ingiza wima, zungusha nusu duara, toa wima. Anza na safu ya katikati ya ukuta, kisha pandisha na kushusha, maana ukianzia chini mkono unapotea na safu ya mwisho haifungani na ya kwanza. Usitoboe mpaka upande wa pili, kivuli cha tundu kinatosha. Na punguza tamaa: kofia halisi ina mamia ya viua, hii ikipata arobaini inapendeza, ikipata themanini inakuwa kichujio cha chai.

Alama za vidole kila mahali

Umegusa mapema mno, na umegusa kwa kidole. Puti mbichi haitaki kulainishwa, inataka kuwekwa mahali pake tu. Iache dakika ishirini au thelathini, ndipo ulainishe kwa brashi yenye ncha ya silikoni au mgongo wa sindano ya kushonea magunia uliolowa maji. Milliput inapenda maji sana, ukizidisha inageuka tope na kujaa makorongo. Green Stuff inapendelea maji kidogo au mafuta kidogo, na haipendi kusuguliwa kwa msasa: inajisokota badala ya kulika, kwa hiyo usitegemee kurekebisha baadaye. Ukijua utahitaji kusugua, changanya Green Stuff na Milliput nusu kwa nusu. Unapata kitu kinachofinyangika vizuri na pia kukubali msasa. Sugua na maji ili vumbi lisiruke, na kama unasugua kikavu, vaa barakoa.

Kanga imepasuka, au imekuwa nene kama godoro

Kitambaa hakitengenezwi kwa kubandika donge na kulichora mikunjo. Tandaza puti kati ya vipande viwili vya mfuko mzito wa plastiki vilivyopakwa mafuta kidogo, viringisha kwa chupa mpaka ibaki nusu milimita, kisha iache hapo hapo nusu saa hadi dakika arobaini. Ikipasuka unapoibandua, ulikuwa na haraka. Ikipasuka unapoikunja, umechelewa. Kata kwa wembe mpya, mvishe kisanamu, mikunjo ipange kwa kijiti cha meno.

Angalia miguu. Kanga ikigusa miguu na kiwiliwili kwa pamoja, mama huyo hataketi tena maisha yake yote. Kwa kanzu ndefu, miguu iache kabisa: chukua tofali la LEGO la mteremko lenye vitufe viwili juu, linalotumika kama sketi, mkalishie kiwiliwili hapo na ufinyange kanzu juu ya tofali. Ukikuta kanzu inabanduka kwenye tofali, hukulikwaruza. Plastiki inayong'aa haishikiki. Ipitishie msasa mpaka ifubae, ndipo uweke puti.

Kichwa kimelegea ndani ya oveni

Mpwa wangu aliwahi kunisaidia kuchungulia kioo cha oveni. "Mjomba," akasema, "askari anasinzia." Nilipofika alikuwa amelala kifudifudi.

Udongo wa polima huokwa kwa nyuzi 110 hadi 130, kutegemea aina, na plastiki ya kisanamu hulainika karibu na 105. Hakuna ujanja wa kupita katikati ya namba hizo. Finyangia juu ya kichwa, vua ukiwa mbichi, oka peke yake. Ukiharibika umbo unapouvua, jitengenezee kichwa cha puti ya epoksi kwa kunakili kile halisi, kikauke siku mbili, kisha hicho ndicho kiingie ovenini.

Na usiuache udongo mbichi ulale juu ya kichwa. Ndani yake mna mafuta ya kulainishia yanayoila plastiki polepole. Asubuhi unakuta shavu limepata ngozi ya kunata ambayo haioshwi.

Udongo umevunjika kama biskuti: haukuiva. Watu huogopa kuunguza, wanautoa mapema. Udongo ulioiva vizuri unapinda kidogo kabla ya kukatika, na usioiva unaweza kuurudisha uokwe tena. Umegeuka kahawia: oveni inadanganya. Kitufe cha oveni kinaonyesha 130, ndani kuna 160. Nunua kipimajoto cha oveni, kiweke pale pale pa kazi, na funika kazi kwa karatasi ya alumini. Jiko la mkaa achana nalo. Udongo huu ni PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi ya tindikali inayochoma koo na macho. Ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka nje.

Nyufa mara nyingi ni hewa uliyoikandia ndani, au sehemu nene iliyobebana na nyembamba. Jaza katikati kwa karatasi ya alumini iliyofinywa, unene uwe sawa kote, na uache oveni ipoe na kazi ikiwa ndani.

Mkuki umevunjika, kiganja kimepasuka

Puti peke yake haiwezi kuwa mkuki. Inataka uti wa mgongo. Waya wa shaba wa umeme wa milimita 1.5 za mraba, ule wenye uzi mmoja mnene, una kipenyo cha milimita 1.38. Kijiti kizima ni 3.2, kwa hiyo kila upande unabakiwa na milimita 0.9 za puti, na hizo zinatosha. Ukiona puti inazunguka juu ya waya kama mshikaki usioiva, waya ulikuwa laini mno: ukwaruze kwa msasa, upake supagluu utando mwembamba, ngoja ikauke, ndipo uvike.

Kiganja kinapasuka kwa sababu kijiti kimezidi 3.2, au ni cha duara upande mmoja na yai upande mwingine. Pima kwa kalipa ukikizungusha, sehemu tatu. Unene kamili unahitajika pale mkono unaposhika tu, kwingine unaweza kupunguza mpaka 2.5 na mkuki ukapendeza zaidi. Jaribia kwenye mkono wa zamani. Kila fundi anapaswa kuwa na maiti mmoja kwenye droo.

Rangi

Inabanduka kama ngozi ya nyoka: mafuta ya mgando. Osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, ndani na nje, hata kama unaamini mafuta yaliishia ndani. Vidole vyako vilikuwa na mafuta. Kisha praima nyembamba, yaani rangi ya msingi, kisha rangi ya akriliki, tabaka mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito inayoziba viua vyote ulivyovitoboa.

Inabanduka mahali pamoja tu, pale kofia inapogusa kichwa: hiyo ni msuguano. Usipake rangi ndani ya shimo wala kwenye ukingo unaoteleza.

Inanata wiki, inanata mwezi: umepaka rangi ya kopo la kupulizia au rangi ya kucha juu ya udongo wa polima. Viyeyusho vyake vinaulainisha udongo na vitu viwili hivyo haviachani. Juu ya udongo wa polima tumia akriliki ya maji. Juu ya plastiki ya kisanamu vilevile rangi ya kucha si rafiki, na dawa ya kuifutia, ikiwa ni ya asetoni, inakula sura yote.

Ukungu mweupe juu ya plastiki, ambao haukuwapo jana: ama ni mvuke wa supagluu uliofungiwa ndani ya kiboksi, ama ulipulizia praima siku yenye unyevu. Pwani hii ni kawaida, hasa asubuhi wakati wa masika. Wa supagluu hufutika kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, kisha osha. Wa praima, pulizia tabaka jingine jembamba mchana hewa ikiwa kavu, mara nyingi linaumeza ukungu wa chini. Kopo lenyewe lipashe kwanza ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, si ya moto, ulitikise dakika mbili, na upulizie ukiwa kivulini.